JONGOO BAHARI NA KIMA PUNJU: NANI ANA KAZI?

Safu ya Bwana Shamba

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupanda mihogo kwa mistari. Mwezi huu tutaliweka jembe chini kidogo. Tutazungumza juu ya wanyama wawili wa Unguja. Mmoja anakaa juu ya mti. Mwingine analala chini ya bahari. Wa kwanza ni kima punju. Wa pili ni jongoo bahari.

Huenda utacheka. Utasema, Bwana Shamba ameishiwa na maneno. Kima na jongoo wapi na wapi? Usicheke bado. Swali hili si langu. Limetoka kwa wanakisomo wa kijiji kimoja kilicho karibu na Ghuba ya Chwaka.

Mzee mmoja, mkulima wa minazi, alisema hivi: "Kima anakula nazi zangu changa. Nikimpiga, napelekwa kwa sheha. Lakini jongoo anaokotwa kila siku na hakuna anayesema neno. Je, serikali inampenda kima kuliko sisi? Na huyo jongoo hana mwenyewe?"

Mama mmoja akamjibu: "Mzee wangu, mwache jongoo. Jongoo ananisomeshea watoto. Kima amenisomeshea nani?"

Ndugu msomaji, haya ni maneno ya watu wazima. Yanahusu chakula, fedha na sheria. Hayafai kujibiwa kwa mzaha. Basi tuwatazame wanyama hawa mmoja baada ya mwingine. Kisha tuwalinganishe. Mwisho tutajua nani ana kazi, na sisi tuna kazi gani.

KIMA PUNJU NI NANI?

Kima punju ni kima mwekundu wa Unguja. Mgongo wake ni mwekundu na mweusi. Tumbo lake ni jeupe. Uso wake ni mweusi, na nywele ndefu nyeupe zimeuzunguka. Mkia wake ni mrefu. Mkono wake una vidole vinne tu vya kushikia. Dole gumba limebaki kinundu kidogo. Hata hivyo huruka kutoka mti hadi mti bila wasiwasi.

Mnyama huyu ni wa Unguja. Hakuna nchi nyingine yenye kima punju wa asili. Katika miaka ya 1970 wachache walihamishiwa katika msitu wa Ngezi, Pemba. Lakini kwao ni Unguja, hasa Jozani, Uzi na sehemu za kusini.

Jina lake lina historia. Punju maana yake ni sumu. Wazee walisema kwamba mti anaoukaa kima huyu hufa. Walisema pia kwamba mbwa akila nyama yake hupukutika manyoya. Basi watu wengi hawakumla. Imani hiyo ilimpa jina baya, lakini pia ilimwokoa.

Kima punju hula majani, hasa majani machanga. Hula pia maua, vikonyo na matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba vinne. Ndani yake wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huyachachua majani na kuyalainisha. Ni karibu na kazi inayofanyika katika tumbo la ng'ombe.

Kwa sababu hiyo kima punju hapendi matunda mabivu yenye sukari nyingi. Sukari humchachia tumboni na kumdhuru. Basi ukikuta ndizi mbivu zimeliwa shambani, usiseme haraka kwamba ni punju. Unguja kuna kima wengine, wale wa rangi ya kijivu nyeusi. Hao hula matunda mabivu. Tusimfunge asiyeiba kwa kosa la jirani yake.

KIMA ANAYEKULA MKAA

Jambo moja la kima punju limeshangaza watu wengi. Kima huyu hula mkaa. Huuokota katika matanuri ya mkaa na katika visiki vilivyoungua. Wengine huja hata kwenye majiko ya watu. Mtoto hujifunza kwa kumtazama mama yake.

Kwa nini ale mkaa? Karibu na mashamba kima hula majani ya miembe na mikungu. Majani hayo yana chakula kizuri cha kujenga mwili. Lakini yana pia vitu vikali vinavyozuia chakula kusagika vizuri. Mkaa hushika vitu hivyo vikali, navyo hutoka pamoja na kinyesi. Watafiti walieleza jambo hili mwaka 1997. Hospitalini pia madaktari hutumia mkaa uliotengenezwa maalum kumtibu mtu aliyekula baadhi ya sumu. Lakini, ndugu msomaji, wewe usile mkaa wa jikoni. Ukila sumu, kimbilia hospitali.

JONGOO BAHARI NI NANI?

Sasa tushuke pwani. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, utamwona jongoo bahari amelala juu ya mchanga. Anafanana na tango au na soseji nene. Hana miguu unayoiona. Hana kichwa. Ukimshika hujikaza na kuwa mgumu.

Ulimwenguni kuna zaidi ya aina 1,000 za jongoo bahari. Katika pwani yetu ziko nyingi. Leo tutamtazama zaidi yule anayeitwa jongoo mchanga, kwa sababu ana bei kubwa. Yeye hukaa mahali pa mchanga na majani ya baharini. Mara nyingi mchana hujifukia mchangani. Jioni na usiku hutoka kula.

Jongoo bahari hana ubongo. Ana mshipa wa fahamu uliozunguka mdomo wake, na mishipa mingine inayopita mwilini. Hiyo inamtosha. Hana mapafu. Huvuta maji kwa tundu lake la nyuma. Maji huingia katika mirija miwili yenye matawi kama mti. Hapo hewa safi hupita kwenda mwilini. Kwa maneno mengine, jongoo bahari hupumua kwa nyuma. Sasa unaweza kucheka.

Mdomo wake umezungukwa na vijikono vidogo. Kwa vijikono hivyo huokota mchanga na kuutia mdomoni. Ndani ya mchanga mna mabaki ya majani, kinyesi cha samaki na vijidudu. Hicho ndicho chakula chake. Mchanga wenyewe hutoka nyuma ukiwa umesafishwa.

Tena jongoo bahari si ndugu wa jongoo wa shambani. Majina yamefanana kwa sababu ya umbo tu. Ndugu zake wa karibu ni kiti cha pweza, na wale viumbe wa miiba mirefu wanaotuchoma miguu. Wataalamu wametazama jinsi yai lake linavyokua. Wamegundua kwamba jongoo bahari yuko karibu zaidi na wanyama wenye uti wa mgongo kuliko alivyo karibu na jongoo wa shambani. Kwa hiyo, kwa ukoo, jongoo bahari ni jamaa wa mbali wa kima. Ni wa mbali sana, lakini ni jamaa.

TUWALINGANISHE

Sasa tuwaweke pamoja, kama tunavyolinganisha aina mbili za mbegu.

Kwanza, chakula. Kima hula majani yaliyo mtini. Jongoo hula uchafu ulio mchangani. Wote wawili hula vitu ambavyo wengine huviacha. Kima ana matumbo yanayochachua. Jongoo ana utumbo mrefu unaochuja mchanga mwingi apate chakula kidogo.

Pili, kujikinga. Kima akiona hatari hupiga kelele na kukimbilia juu. Jongoo hawezi kukimbia. Akisumbuliwa sana, hutapika matumbo yake. Adui akishughulika na matumbo, jongoo hupona. Baada ya wiki kadhaa matumbo mengine huota. Aina nyingine hutoa nyuzi nyeupe zinazonata kama ulimbo. Nyingi zina sumu katika ngozi. Basi ukishamshika jongoo, nawa mikono. Usijiguse macho.

Njia hizi ni nzuri kwa samaki na kaa. Hazifai kitu mbele ya mkono wa mtu mwenye kikapu. Jongoo akitapika matumbo, mtu anafurahi, kwa maana kazi ya kupasua imepungua.

Tatu, uzazi. Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo penye jambo lenyewe.

Kima jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Humbeba, humnyonyesha na kumlinda. Basi kima wakiuawa, pengo lao huchukua miaka kuzibika.

Jongoo jike hutoa mayai mamilioni kwa siku moja. Mtu akisikia hivyo husema, "Basi jongoo hawataisha." Hili si kweli. Jongoo dume na jike hawapandani. Jike humwaga mayai majini, na dume humwaga mbegu majini. Mayai na mbegu lazima vikutane humo humo majini. Wakiwa karibu, vitakutana. Wakiwa mbalimbali, bahari huvipoteza.

Chukua mfano wa mahindi. Shina moja la mhindi likisimama peke yake katikati ya kondeni, gunzi lake huwa na punje chache. Chavua haikulifikia vya kutosha. Jongoo ni hivyo hivyo. Jongoo kumi waliotawanyika katika ghuba nzima ni kama hawapo. Jongoo kumi walio mahali pamoja ni mbegu ya kesho.

Tena mayai yakishapata mbegu, vitoto huelea majini kwa muda wa kama wiki mbili. Samaki huwala wengi. Wachache wanaobaki hutua juu ya majani ya baharini. Pasipo na majani hayo, hawana mahali pazuri pa kutua. Wingi wa mayai si wingi wa watoto.

KAZI YA KILA MMOJA

Yule mama aliuliza kima amemsomeshea nani. Tumjibu kwa heshima.

Watalii huja Jozani kumtazama kima punju, kwa sababu hawawezi kumwona mahali pengine. Hulipa kiingilio. Sehemu ya fedha hizo hurudi katika vijiji vinavyouzunguka msitu. Zimesaidia katika mambo ya maendeleo, na wakulima wanaoharibiwa mazao wamekumbukwa. Watu wa kijiji cha Pete wana daraja la mbao ndani ya mikoko, na wageni hulipa kupita hapo. Kama fedha hazifiki kijijini kwako, au zinafika na hazionekani, hilo ni jambo la kuuliza katika mkutano wa shehia. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Usimwulize kima.

Sasa nazi za yule mzee. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walilichunguza jambo hili katika mashamba ya minazi karibu na Jozani. Matokeo yalitolewa mwaka 1999. Ni kweli kima punju hula nazi changa sana, zile ndogo. Lakini waliona kwamba mavuno ya mwisho hayakupungua. Mahali kima walipokula zaidi, mavuno yalikuwa hata mazuri zaidi.

Inawezekanaje? Kila mkulima wa minazi anajua jibu. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilisha. Vingi huanguka vyenyewe. Kima akila baadhi, vilivyobaki hupata nafasi. Ni kama unapopunguza miche ya mtama ili iliyobaki inenepe. Sisemi kwamba kima hana hasara yoyote. Mwenye shamba anaijua hasara yake, nami siwezi kumwambia kwamba anaota. Ila nasema, kabla ya kumshtaki mnyama, hesabu nazi zilizofika mwisho. Usihesabu vidaka vilivyoanguka.

Na jongoo? Yeye ni bwana shamba wa bahari. Hugeuza mchanga kila siku, kama wewe unavyopalilia. Hula uchafu kabla haujaoza na kunuka. Kinyesi chake hurudisha rutuba kwa majani ya baharini. Katika kisiwa cha Heron, Australia, watafiti mwaka 2021 walikadiria kwamba majongoo weusi wa mwamba mmoja hupitisha zaidi ya tani 60,000 za mchanga kwa mwaka. Hayo ni malori mengi sana, na dereva hakuna.

Majongoo wakiisha, mchanga hubaki bila wa kuugeuza. Hugandamana, na uchafu hujikusanya. Majani ya baharini hupata shida. Na katika majani hayo ndimo tasi, pono na samaki wengine wanamokulia. Basi hata asiyeuza jongoo anamhitaji jongoo.

HESABU YA KIKAPU

Sasa nazungumza na yule mama, na wenzake wote wanaoshuka pwani maji yakipwa. Sisi hatuli jongoo. Wanaomla wako China na nchi za jirani yake. Hapa hupasuliwa, huchemshwa na kukaushwa. Huko Hong Kong kilo moja ya jongoo mchanga mkavu huuzwa kwa mamia ya dola. Aliyeshuka pwani hupata sehemu ndogo sana ya bei hiyo.

Tufanye hesabu. Jongoo mwingi ni maji. Kilo 20 za jongoo wabichi hutoa kilo moja hadi mbili tu za jongoo wakavu.

Ukiokota wakubwa wa nusu kilo kila mmoja, unahitaji jongoo 40 kupata kilo 20.

Ukiokota wadogo wa gramu 100 kila mmoja, unahitaji jongoo 200 kupata kilo 20.

Uzito ni ule ule. Lakini bei si ile ile. Jongoo wadogo huuzwa kwa bei ya chini kwa kila kilo. Tena wale 200 walikuwa hawajazaa hata mara moja. Kwa hiyo umechukua fedha kidogo, na umekula mbegu. Hakuna mkulima anayekula mbegu ya msimu ujao na kusema amepata faida.

Wazee wa pwani wanakumbuka majongoo ya kuokota karibu na ufuko. Siku hizi vijana wengi huwafuata kwenye kilindi. Wengine huzama kwa mtungi wa hewa bila kufundishwa. Hapa lazima niseme wazi. Kazi hiyo imewaua vijana, na wengine imewapoozesha miguu. Mtu akikaa sana kilindini, hewa huingia katika damu yake. Akipanda juu haraka, hewa hiyo hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa. Povu hilo huziba mishipa. Mzazi, mwulize mwanao anazama na nani, na nani alimfundisha. Hakuna jongoo mwenye thamani ya miguu ya mtoto.

SHERIA INASEMAJE?

Yule mzee aliuliza kama jongoo hana mwenyewe. Anaye.

Kima punju analindwa na sheria za Zanzibar. Pia yumo katika daraja la kwanza la mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea. Wanyama wa daraja hilo hawaruhusiwi kufanyiwa biashara. Msitu wake wa Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Hesabu iliyofanywa katika miaka ya 2010 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800. Walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa zamani. Hata hivyo, hao ndio wote ulimwenguni. Ukiwaketisha katika uwanja wa Amaan, kila mmoja na kiti chake, viti vingi vitabaki vitupu.

Jongoo naye ameanza kusemewa. Tanzania Bara ilipiga marufuku kuvuna jongoo bahari wa porini katika miaka ya 2000, baada ya wao kupungua sana. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kudhibiti biashara ya aina tatu za jongoo wenye chuchu, ambao wavuvi wengi huwaita pauni. Masharti hayo yalianza kutumika mwaka 2020. Jongoo mchanga naye ametajwa na wataalamu wa ulimwengu kuwa yuko katika hatari ya kutoweka. Kima punju yuko katika orodha hiyo hiyo, kwenye daraja lile lile la hatari.

Basi wote wawili wako katika shida moja. Tofauti ni kwamba kima ana uso. Ana mikono, ana mtoto kifuani, na akiumia hulia. Mtu humwonea huruma. Jongoo hana uso, na akiisha halii. Siku moja mtu hushuka pwani akakuta mchanga mtupu.

MSITU NA BAHARI NI SHAMBA MOJA

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Wanyama hawa hawako mbali kama tunavyofikiri. Simama Jozani, kisha nenda upande wa ghuba. Kwanza utapita msitu. Kisha utapita mikoko. Kisha utafika kwenye mchanga na majani ya baharini. Ni mwendo usio mrefu.

Kima punju huingia katika mikoko. Hula majani yake, na mahali pengine mikoko ndiyo kimbilio lake. Mikoko hiyo hiyo hushika tope lisiende kufunika majani ya baharini. Majani hayo ndiyo kitanda cha jongoo mchanga. Mtu akikata mikoko kwa ajili ya boriti, au ili achome chokaa, amemgusa kima kwa mkono mmoja na jongoo kwa mkono wa pili. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba pia hukimaliza kibaba.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, haya ndiyo ninayokushauri.

1. Usiokote jongoo wadogo. Kaeni katika shehia, wavuvi wanaume na wanawake, mkubaliane kipimo. Tumieni kijiti kilichokatwa kwa urefu mmoja. Kila mtu awe nacho. Jongoo mfupi kuliko kijiti arudishwe majini papo hapo.

2. Tengeni mahali pamoja pa kutovua jongoo kabisa. Msitenge mahali pabaya penye matope matupu. Tengeni pazuri, ili wakubwa wakae karibu karibu na kuzaa. Vijiji vingine vya Unguja vimefunga sehemu za pweza kwa miezi kadhaa, na pweza walipofunguliwa walikuwa wakubwa. Jongoo hukua polepole kuliko pweza, kwa hiyo ahitaji muda mrefu zaidi.

3. Ulizeni juu ya ufugaji. Huko Beit el Ras, Unguja, pana kituo cha kuzalisha vifaranga vya viumbe vya baharini, na jongoo ni mmojawapo. Kusini magharibi mwa Madagascar wanavijiji hufuga jongoo mchanga katika nyua za nyavu baharini. Si kazi ya mwezi mmoja. Wezi wapo na dhoruba zipo. Anzeni kwa kikundi, na mpange zamu ya ulinzi kabla ya kununua kifaranga cha kwanza.

4. Usimlishe kima na usimzoeze kuja jikoni. Usimkaribie sana, maana magonjwa ya watu humwingia.

5. Ukipita barabara ya Jozani kwa gari au pikipiki, punguza mwendo. Kima wengi wameuawa na magari hapo. Matuta yalipojengwa, vifo vilipungua. Lakini tuta halina macho. Dereva anayo.

6. Mwenye shamba akipata hasara, aandike tarehe, zao na kiasi. Apeleke kwa sheha na kwa bwana shamba wake. Maneno matupu husahauliwa. Sasa unajua kuandika. Kalamu yako ni jembe la pili.

JIBU LANGU

Nilimjibu yule mzee hivi: serikali haimpendi kima kuliko wewe. Kima akiisha Unguja, ameisha duniani, wala hatuwezi kuagiza mwingine kwa meli. Na wewe mama, jongoo anakusomeshea watoto kweli. Basi mtunze kama unavyomtunza ng'ombe wa maziwa. Kamua, lakini usichinje. Ukitaka asomeshe na wajukuu, mwache yule mdogo mchangani.

Yule mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nikimwacha mimi, ataokotwa na jirani."

Hilo ndilo neno zito kuliko yote, ndugu msomaji. Hakuna mtu mmoja anayeweza kumlinda jongoo peke yake. Ndiyo maana nimetaja shehia mara nyingi katika ukurasa huu. Kijiti cha kupimia hakifai kikiwa na mtu mmoja. Kinafaa kikiwa na wote.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kima punju hawezi kula ndizi mbivu nyingi?

2. Jongoo hutoa mayai mamilioni. Kwa nini bado anaweza kuisha?

3. Kokotoa: ukiokota jongoo wa gramu 200 kila mmoja, unahitaji wangapi kupata kilo 20?

4. Katika shehia yenu, kijiti cha kupimia jongoo kiwe na urefu gani? Nani atakagua? Anayevunja makubaliano afanywe nini?

5. Yule mama alisema, "Nikimwacha mimi, ataokotwa na jirani." Ungemjibu nini?

Someni pamoja darasani, mjadiliane, kisha mniandikie majibu ya swali la nne. Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za kunde zisiliwe na wadudu.

Wasalaam,
Bwana Shamba wenu